Mafundi wa Jua wa Kaskazini Unguja

Disemba 2009 mji wa Zanzibar uliingia gizani na haukutoka mpaka Machi ya mwaka uliofuata. Umeme wote wa Unguja ulikuwa ukitegemea waya mmoja uliolazwa chini ya bahari mwaka 1980, kutoka Ras Kiromoni upande wa Bara hadi Fumba, na ulipopata hitilafu kisiwa kizima kilibakiwa na jenereta na vibatari. Mei 2008 kulikuwa kumeshapita kiza kingine cha karibu mwezi mzima. Watu wa mjini wanaisimulia miezi ile mpaka leo: pampu za maji zimenyamaza, hoteli zinaunguruma kwa majenereta usiku kucha, kina mama wamejipanga na madumu kwenye visima ambavyo vilikuwa vimekwisha kusahauliwa. Nimeyasikia masimulizi hayo mara nyingi, na nilipopanda gari ya Nungwi asubuhi moja ya kaskazi nilimuuliza bibi aliyekaa pembeni yangu, mtu wa shamba, kama naye anaikumbuka miezi ile. Alinitazama kwa mshangao.

"Sisi umeme ulikuwa haujatufika, mwanangu. Utakatikaje?"

Jibu hilo nilikwenda nalo hadi Kibokwa.

Barabara ya kaskazini inapita Mahonda, penye kiwanda cha sukari na miwa iliyosimama hadi ukingoni mwa lami, kisha inafika Kinyasini, ambako abiria wa pwani ya mashariki hushuka kubadilisha gari. Kibokwa haiko mbali na hapo. Ni upande wenye udongo mzuri, bonde la mpunga, minazi na miembe mikubwa yenye baraza za watu chini yake. Humo ndimo kilimo kituo cha Barefoot College Zanzibar, kilichofunguliwa mwaka 2015 ili kuwafundisha wanawake wa vijijini kuunda, kufunga na kutengeneza mitambo midogo ya umeme wa jua. Wanafunzi wake wengi ni kina mama wa makamo, na baadhi yao ni mabibi. Wengine hawakupata kukaa skuli hata mwaka mmoja. Wanalala hapo hapo kwa miezi kadhaa, wakimaliza wanarudi kwao wakiwa mafundi.

Nilikuwa nimesoma mengi kuhusu mashirika ya namna hii, na karibu yote yalianza na kuishia kwa mwanzilishi, mfadhili au mgeni rasmi aliyekata utepe. Nilitaka kuwajua wanaoongoza pale ambapo kazi yenyewe inafanyika: anayesimama mbele ya darasa, na anayeitwa saa tatu usiku taa ya jirani inapogoma kuwaka. Kituo chenyewe miaka ya karibuni kimekuwa chini ya mwanamke, Brenda Geofrey. Lakini mimi niliyekaa naye muda mrefu zaidi ni mwalimu wa darasani, mzaliwa wa kisiwa hiki, mama wa watoto wakubwa, ambaye naye alianza kwa kuketi kwenye madawati yale yale. Wanafunzi wanamwita Mwalimu tu, nami nitamwita hivyo.

Darasa lina meza ndefu, na juu ya kila meza zimetandazwa nyaya, vipande vya sakiti, mita za kupimia na pasi za kulehemu. Harufu ya risasi inayoyeyuka inachanganyika na ya udi uliokaa kwenye mitandio. Asubuhi ile walikuwa wakisoma resista, vile vipande vidogo kama punje vyenye mistari ya rangi. Mwalimu alikuwa akinyanyua kadi moja moja na wao wakiitikia kwa pamoja: nyeusi sifuri, kahawia moja, nyekundu mbili, chungwa tatu, manjano nne. Hawakuwa wakisoma popote. Wameyahifadhi kichwani, tena kwa mahadhi, mabega yakisogea mbele na nyuma, na mara nikatambua nilikoyasikia mahadhi yale. Ni ya chuoni. Wanawake hawa wanaohesabiwa kuwa hawakusoma walihifadhi Qur'ani wangali wadogo, juzuu baada ya juzuu, na kipaji hicho cha kuhifadhi kilikuwa kimewakaa miaka yote bila mtu kukiuliza kinaweza kufanya nini kingine. Mwalimu anakijua kwa sababu ni chake pia. Nilipomwambia nimelitambua, alicheka akasema anayeweza kuishika Yasini hashindwi na rangi kumi.

Baadaye akaleta kikapu cha komwe, mbegu zile za kuchezea bao, akachora mduara kwa chaki juu ya meza. Mduara ni betri. Kila komwe ni wati-saa tano. Paneli ya wati 40 ikipigwa na jua zuri kwa saa tano inaleta wati-saa 200, yaani komwe arubaini, na mduara umejaa. Usiku taa tatu za wati tatu tatu zikiwaka saa tano zinakula komwe tisa, na simu mbili zikichajiwa zinakula nne. Zinabaki ishirini na saba. Kisha akawaletea masika: mawingu siku nzima, paneli inaingiza komwe kumi tu. Wakawa wanaongeza kumi na kutoa kumi na tatu, usiku baada ya usiku, huku akiwakumbusha kuwa betri ya risasi na asidi ikizoeshwa kushuka chini ya nusu haidumu. Usiku wa nne komwe zilibaki kumi na nane. Pakawa kimya, wote wakiutazama mduara.

"Haya," akasema Mwalimu, "umekwenda kwa watu, mvua haijakatika, mwenye nyumba anataka taa zote tatu na simu. Utamwambia nini?"

Mama mmoja kutoka Pemba alisema atamzimishia taa ya ukumbini. Mwingine akapinga: ukumbini ndiko watoto wanakodurusu, izimwe ya chumbani. Wakabishana kwa muda mrefu kuhusu nyumba ya mtu ambaye hayupo, nani analala wapi, nani anaamka usiku kunyonyesha. Mwalimu hakuwakatiza. Nimehudhuria mafunzo mengi ya wataalamu, na ni mara chache nimeona hesabu ya umeme ikifundishwa kwa kina namna ile, kwa sababu mwisho wa hesabu ile kuna mtu atakayekaa kizani, na fundi ndiye atakayekwenda kumweleza sababu.

Njia ya kufundisha hivi haikuzaliwa Unguja. Ilitoka Tilonia, kijiji kikavu cha jimbo la Rajasthan nchini India. Mwaka 1972 kijana aliyesoma skuli za watu wenye nafasi, Sanjit Roy, ambaye dunia inamjua kwa jina la Bunker Roy, alianzisha hapo kituo chake, kilichokuja kujulikana kama Barefoot College, katika majengo ya zamani ya hospitali ya kifua kikuu. Miaka michache kabla yake alikuwa ameiona njaa ya Bihar, na hakuweza tena kurudi kwenye maisha aliyoandaliwa. Kazi za mwanzo zilikuwa visima na pampu za mkono. Sola ilikuja baadaye, na moja ya sababu zake inanigusa kila ninapoikumbuka: Tilonia walikuwa na skuli za usiku, kwa ajili ya watoto ambao mchana kutwa huchunga mbuzi na ng'ombe, na watoto wale walihitaji taa. Skuli hizo zikawa hata na Bunge la Watoto, linalochaguliwa na wanafunzi wenyewe ili kusimamia masomo na walimu wao.

Roy alikuwa na shauri lililowakera wengi. Alisema kijana wa kiume ukimfundisha atachukua cheti chake apande basi la kwenda mjini, na kijiji kitabaki kama kilivyokuwa, kwa hiyo afundishwe bibi, ambaye haendi popote. Tangu mwaka 2008 serikali ya India imegharamia nauli na mafunzo ya wanawake kutoka nchi nyingi za Afrika na kwingineko, nusu mwaka kila kundi, watu wasiokuwa na lugha moja ya kusemezana wakifundishana kwa rangi, michoro na mikono. Watanzania wamo. Wako kina mama wa Lindi na Mtwara waliovuka bahari kwenda Tilonia, na kabla ya kituo cha Kibokwa kufunguliwa wako wa Zanzibar waliokwenda pia. Julai 2016 Waziri Mkuu wa India, Narendra Modi, alipofika Dar es Salaam alikutana na mafundi hawa wa kike waliokusanyika kutoka nchi kadhaa za bara letu, wakiwa na taa zao mkononi.

Hilo la vijana wa kiume silikubali lote. Ninao wadogo zangu wa kiume walioshika ufundi na wakabaki vijijini wakiwatumikia watu. Lakini nilipomuuliza Mwalimu, hakunijibu kwa nadharia. Aliniambia wanapokwenda kijijini kuomba wachaguliwe wanafunzi, wazee huwataja kwanza watoto wao wa kiume. Yeye husikiliza, kisha huwauliza: fulani mliyempeleka kusoma ufundi wa magari, yuko wapi? Na yule wa kompyuta? Wazee hutaja Darajani, Dar es Salaam, Maskati. Hapo ndipo mkutano huanza upya.

Kijiji ndicho kinachochagua, na ni lazima kuwe na mkutano, sheha awepo, iundwe kamati ya umeme. Anayechaguliwa ni mwanamke mwenye watoto, kwa kawaida kati ya miaka 35 na 55, anayeaminika kuwa atarudi. Kazi ngumu inayobaki hufanyika ndani ya nyumba. Mume anataka kujua mkewe atalala wapi, na nani, na chakula kitapikwa na nani. Wapo waliokataa kabisa, na mwanamke akabaki. Mwanafunzi mmoja wa kutoka upande wa Mkokotoni alinihadithia kwamba mumewe alipouliza nani atapika, mkwewe, mama mzee wa kukongojea mkongojo, alijibu kutoka chumbani kwake: "Nitapika mimi. Kabla hujaoa ulikuwa ukila kwa nani?" Akaondoka keshoye.

Nilitaka sana kuona maisha baada ya mafunzo, na Mwalimu akanikabidhi kwa fundi mmoja aliyehitimu zamani, anayekaa upande wa mashariki. Sitakitaja kijiji, kwa kuwa mengi niliyoyasikia huko ni ya ndani ya nyumba za watu.

Kule hakuna udongo wa Kibokwa. Ni uwanda, jiwe tupu, mihogo imepandwa katika vishimo vya udongo kati ya mawe, na nyumba zimejengwa kwa jiwe lilelile na kuezekwa makuti au bati. Maisha ni ya bahari: wanaume wanavua, wanawake wanalima mwani. Fundi niliyemfuata naye analima mwani. Kijijini wanamwita Bi Fundi, kuanzia sheha mpaka watoto, na jina alilopewa na wazazi wake nilikuja kulisikia kwa mumewe tu. Karakana yake ni chumba kimoja cha nyumba yake, kina meza iliyo chini ya dirisha, betri zimepangwa ukutani, na vipuri vimetengwa kwa aina katika makopo ya Blue Band. Ukutani amebandika mchoro wa kijiji alioufanya mwenyewe: kila nyumba kiduara, chenye alama ya rangi ya hali ya betri yake. Ukiutazama unajua ni nyumba gani ziko hatarini.

Tulizunguka naye mchana ule. Nyumba ya kwanza taa ilikuwa ikipepesa. Alipanda juu ya ndoo, akafungua kiungo cha nyaya kilichoota kutu ya kijani, akakikwangua kwa kisu, akakaza na kukipaka mafuta. Hewa ya chumvi, akasema, ndiyo adui yake mkubwa kuliko mawingu. Nyumba ya pili paneli ilikuwa imefunikwa na kivuli cha mpapai ulioota tangu alipoifunga. Hakuukata. Alikaa na mwenye nyumba, wakazungumza habari za watoto na za mgonjwa wa jirani, kisha akamwonyesha kwa mita: paneli ikiwa kivulini inaonyesha hivi, tukiisogeza hatua tatu inaonyesha hivi. Mama akajiamulia mwenyewe kuwa mpapai ubaki na paneli ihame. Nyumba ya tatu palikuwa na kijana aliyeunganisha redio kubwa moja kwa moja kwenye betri, akiikwepa kontrola inayozuia betri isinyonywe mpaka mwisho. Hapo Bi Fundi hakuwa na mazungumzo marefu. Alikata waya ule kwa koleo, akaukunja akautia mfukoni, akamwambia kijana aje karakana jioni afundishwe namna ya kuuunganisha bila kuiua betri ya mama yake. Na kijana alikuja.

Katika nyumba hizi kibatari hakijasahaulika. Kina mama walinionyesha ukuta mweusi juu ya kitanda pale kilipokuwa kikitundikwa, na mmoja alinionyesha kovu la mwanawe. Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2014 limeonya kuwa mafuta ya taa yasitumike majumbani kwa sababu ya moshi na ajali zake, lakini onyo halina maana kwa mtu asiye na cha kutumia badala yake. Mkunga wa jadi wa kijiji aliniambia amezalisha watoto wengi huku akiwa ameuma tochi kwa meno. Sasa, nyumba yenye sola ikiwa karibu, mzazi hupelekwa huko hata kama si kwao.

Usiku, baada ya swala ya isha, kamati ya umeme ilikutana kwenye chumba cha chuo cha Qur'ani. Hapa ndipo nilipoelewa kuwa ufundi wa kulehemu ni sehemu ndogo ya kazi ya mwanamke huyu. Nimeona, Bara na Visiwani, mapaa mengi ya skuli na zahanati yenye paneli zisizowasha kitu. Karibu kila mara paneli yenyewe ni nzima na inaweza kudumu miaka ishirini au zaidi. Kilichokufa ni betri. Ile ya asidi huchoka baada ya miaka michache, hizi mpya za lithiamu hudumu zaidi lakini bei yake ni kubwa, na siku ya kununua nyingine mfadhili ameshaondoka zamani. Mpango wa Tilonia ulilijua hilo tangu mwanzo: kila nyumba huchanga kila mwezi, kiasi kisichozidi kile ilichokuwa ikinunulia mafuta ya taa na betri za tochi, na katika fungu hilo fundi hulipwa na fedha za betri zijazo huwekwa. Mchango ukisimama, kijiji kinarudi gizani taratibu, nyumba moja baada ya nyingine. Daftari la michango liko mikononi mwa katibu, kijana mwalimu wa skuli, lakini wote waliokuwemo humo walikuwa wakimtazama Bi Fundi.

Kulikuwa na mambo mawili mazito. La kwanza ni nguzo. Tangu waya mpya wa megawati 100 ulipolazwa kutoka Bara mwaka 2013, Unguja ina umeme mwingi kuliko zamani, na Shirika la Umeme linasogea vijijini. Nguzo zimefika kwenye barabara kuu, na nyumba za huko mbele zimeanza kuuliza kwa nini ziendelee kuchanga. Mzee mmoja alisema wazi kwamba sola ni umeme wa masikini na muda wake umekwisha. Nilitarajia Bi Fundi akasirike. Alisema nguzo zikija atafurahi kuliko yeyote, kwa sababu ana samaki anataka kuwagandisha na taa ya sola haigandishi samaki. Ila akauliza gharama ya kuunganishiwa ni kiasi gani, na kutandaza nyaya ndani ya nyumba, na ni nyumba ngapi za kijiji hiki zinaweza kulipa mwaka huu. Alikwisha kuzihesabu. Akaomba wanaotoka watoke kwa utaratibu, warudishe betri na paneli kwenye kamati, zifungwe kwa wale wa nyuma ambao bado hawajapata.

Mimi nilikuwa upande wake na upande wa mzee yule pia. Mtu masikini hastahili kuambiwa kwamba fungu lake la umeme linaishia kwenye taa tatu na simu. Ana haki ya friji, cherehani ya umeme, mashine ya kukunia nazi na pampu ya maji, na ninaogopa pale ambapo taa ndogo ya sola inageuzwa kuwa sababu ya kutompelekea zaidi. Lakini kati ya leo na siku nguzo itakapofika mlangoni kwa yule wa mwisho kuna miaka, na miaka hiyo ina usiku wake, na watoto wanakua ndani yake. Mzee alikubali kutoka kwa utaratibu. Akaomba tu asihukumiwe kuwa ameisaliti kamati, wakamwambia hakuna aliyefikiri hivyo.

Jambo la pili lilichukua muda mrefu zaidi. Nyumba kumi na kitu zilikuwa nyuma kwa michango, na kanuni, iliyoandikwa na kuwekwa dole na kila mmoja, inasema miezi mitatu bila mchango mtambo unang'olewa. Miongoni mwao alikuwemo mjane mwenye wajukuu wanne. Mweka hazina alitaka kanuni ifuatwe, na hakuwa mtu mwenye roho mbaya: alisema akiachiwa mmoja kwa huruma, mwezi ujao wataomba huruma wote, na siku ya kununua betri atakayelaumiwa ni yeye. Wengine walisema wamchangie mjane. Mjane mwenyewe, aliyekuwa amekaa karibu na mlango, alisema hataki kuchangiwa, anataka kulipa, pesa zake hazijafika.

Bi Fundi akamtaka katibu asome majina yote yaliyo nyuma, polepole. Kila jina likitajwa, yeye aliuliza swali moja: kwao wanaishi kwa nini? Mwani. Mwani. Mwani na mihogo. Mwani. Lilipofika jina la saba hata mweka hazina alikuwa ameanza kutikisa kichwa. Mchango unadaiwa mwisho wa mwezi, kama mshahara, kwa sababu aliyeandika kanuni alikuwa mtu wa mshahara. Mwani haujui mwisho wa mwezi. Unavunwa wakati wa bamvua, bahari inapokupwa hadi mbali na wanawake wakaweza kufika kwenye kamba zao, kisha unaanikwa siku kadhaa, ndipo mnunuzi apite na mizani. Mwisho wa mwezi ukiangukia siku za maji mafu, nyumba ya mkulima wa mwani haina hata senti, wala si kwa uvivu. Tena siku hizi maji ya bahari yana joto na mwani wa aina ile yenye bei nzuri unakufa kwenye kamba, hivyo kila kinachovunwa kina wadai wengi wanaokisubiri.

Akapendekeza nyumba za mwani zilipe wiki moja baada ya bamvua, nusu mchango kwa bamvua la mwezi mwandamo na nusu kwa bamvua la mwezi mpevu. Za wavuvi na watu wa mshahara zibaki kama zilivyo. Deni la nyuma ligawanywe lilipwe kidogo kidogo katika mabamvua sita. Na kanuni ya miezi mitatu ibaki, bila huruma kwa yeyote, yeye mwenyewe akiwemo.

Mweka hazina aliuliza atajuaje tarehe za bamvua kwenye daftari. Wanawake waliokaa upande wetu wakamcheka vizuri, wakamhesabia kwa vidole mpaka mwezi wa Ramadhani, na mjane ndiye aliyemsahihisha alipokosea siku moja. Katibu akachora mistari upya, akaandika majina ya nyumba za mwani katika ukurasa wake. Sheha akauliza kama kuna mwenye kupinga. Hakuna aliyepinga, wakaingia kwenye suala la waya uliopungua kwa ajili ya nyumba mbili mpya nyuma ya msikiti, na nani atakwenda mjini Jumamosi kuununua.